Magoti ya mama, unga wa mbegu ya parachichi na diklofenaki

Swali: Habari za kazi. Naandika kutoka Kiwira, wilaya ya Rungwe. Mama yangu ana miaka 63. Huu ni mwaka wa nne magoti yanamsumbua. La kulia huvimba akitoka kukata majani ya ng'ombe, na baridi ya Juni ilipokolea ameanza kutoka kitandani kwa kushika ukuta. Anameza diklofenaki za kujinunulia dukani, siku nyingine mara mbili, siku nyingine mara tatu, na sasa tumbo linamuunguza. Ana dawa za presha pia. Jirani kamletea unga wa mbegu ya parachichi, anasema unatoa uvimbe. Shangazi naye anasisitiza tangawizi na manjano. Je, ndani ya vitu hivi kuna dawa kweli au ni imani tu? Na mama anaweza kuachana na vidonge? Ndaga fijo.

Jibu: Dada, naomba nianze na tumbo, magoti yatafuata. Mtu wa miaka 63 mwenye presha, anayemeza diklofenaki karibu kila siku, akianza kuungua tumbo, huyo yuko karibu na kidonda. Diklofenaki aache leo. Dawa za presha aendelee nazo kama alivyoandikiwa. Wiki hii mpeleke kituo cha afya, mbebe vidonge vyote anavyotumia pamoja na huo unga, mkaulize kuhusu omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, na kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo. Akipata choo cheusi kinachonata kama lami, au akitapika damu au kitu cheusi kama mashapo ya kahawa, msingoje kupambazuke. Hospitali ya wilaya, saa hiyohiyo.

Sasa swali lako. Ndiyo, ndani ya vitu hivyo kuna dawa. Tangawizi ina jinjaroli, manjano yana kurkumini, mafuta ya parachichi yana steroli za mimea, na pilipili ambayo hakuna aliyemtajia mama ina kapsaisini. Shangazi hajakosea na jirani hajazua. Ila kuwepo kwa kemikali ndani ya mmea ni mwanzo tu wa safari. Lazima itoke kwenye mmea iingie kwenye kikombe, itoke tumboni iingie kwenye damu, ifike kwenye goti, na ifike ikiwa ya kutosha. Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa hapa Mbeya miaka mingi, na watu wengi wanaokuja na mifuko ya unga wameshawishiwa na hatua ya kwanza peke yake.

Goti la mama linafanya nini hasa? Kwenye ncha za mifupa kuna gegedu, kitu cheupe kinachoteleza, ambacho umekiona ukikata mguu wa kuku. Likisagika, vipande vyake huichokoza ngozi laini inayozunguka kiungo. Seli za ngozi hiyo hutoa kwenye kuta zake asidi ya mafuta inayoitwa arakidoni, na kimeng'enya kiitwacho siklooksijenasi huigeuza kuwa prostaglandini. Hiyo ndiyo inayotanua vijishipa vya damu mpaka maji yavujie kwenye goti, na ndiyo inayozifanya neva za maumivu zishtuke kwa jambo dogo. Vitabu vyetu huuita uvimbe wa namna hii mchochota. Diklofenaki hukizuia kimeng'enya hicho, na ndiyo maana mama hupata nafuu. Lakini kimeng'enya hicho na pacha wake hutengeneza pia prostaglandini inayoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na inayosaidia damu ipite vizuri kwenye figo. Ukifunga mlango wa gotini umefunga na wa tumboni. Hata presha yake inaweza kuwa inagoma kushuka kwa sababu hiyohiyo, na kumbe anazilaumu dawa za presha.

Dawa za jamii hii zilianzia kwenye mti. Mwaka 1763 kasisi wa Uingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kwamba gome la mti wa willow, lililokaushwa na kusagwa, liliwashusha homa watu aliowapa. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich akatoa ndani yake kitu kichungu cha rangi ya njano akakiita salisini, ambacho mwilini hugeuka asidi ya salisili. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer akaibadili asidi hiyo ikawa ile tunayoiita aspirini. Watu waliimeza zaidi ya miaka 70 kabla John Vane hajaonyesha, mwaka 1971, kwamba inafanya kazi kwa kuzuia prostaglandini. Nakueleza hayo kwa sababu asidi ya salisili iliwachoma watu tumbo kabla aspirini haijatengenezwa. Mmea unaofunga mlango uleule na diklofenaki unaweza kudhuru palepale diklofenaki inapodhuru, hata kama umechimbwa nyuma ya nyumba.

Manjano ya shangazi yana ushahidi mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walichapisha matokeo ya wagonjwa 367 wenye magoti yaliyosagika. Kundi moja lilipewa ibuprofeni miligramu 1,200 kwa siku, jingine dondoo la manjano miligramu 1,500 kwa siku, kwa wiki 4. Maumivu yalipungua karibu sawa, na matumbo ya waliotumia manjano yalipata usumbufu mchache zaidi.

Lakini chukua kijiko cha chai tupige hesabu. Kijiko kimoja cha unga wa manjano kina gramu 3 hivi. Katika unga huo kurkumini ni kama asilimia 3, yaani miligramu 90. Ili mama afikishe kiasi kama kile cha Thailand angehitaji vijiko 16 au 17 kila siku. Hakuna mchuzi unaobeba hicho. Tena kurkumini haiyeyuki kwenye maji. Chemsha manjano kwenye sufuria, acha itulie, utaona unga umezama chini na juu kumebaki maji yenye rangi. Hata ile inayofika tumboni, utumbo hupokea kidogo na ini huigeuza upesi ikatolewa.

Ndipo watu wanaposema ongeza pilipili manga. Wana sababu. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ile inayoipa pilipili manga ukali, na kiasi cha kurkumini kwenye damu kikapanda mara 20. Piperini inafanya hivyo kwa kulizuia ini lisifanye kazi yake ya kuvunja na kutoa. Na ini la mama ndilo linalovunja dawa zake pia. Pilipili manga ya kwenye pilau haina shida. Vidonge vyenye kurkumini na piperini iliyokolezwa, vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi, asivitumie bila daktari anayejua dawa zake za presha kwa majina. Vidonge vya aina hiyo vimewahi kuwaumiza watu ini katika nchi kadhaa.

Tangawizi nayo imepimwa kwenye magoti. Mwaka 2001, huko Marekani, utafiti uliohusisha watu zaidi ya 240 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya waliopewa dondoo la tangawizi walipata nafuu ya goti wakisimama, wakati waliopewa kidonge kitupu waliopata nafuu walikuwa asilimia 50. Hizo namba mbili zitazame pamoja. Tangawizi ilisaidia, ila kidogo, na nusu ya watu walipata nafuu bila dawa yoyote, kwa sababu maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe. Jirani anayesema "nilikunywa nikapona" anaweza kuwa anasema kweli kabisa kuhusu siku zake, bila kikombe kuwa ndicho kilichomponya. Waliotumia tangawizi walipata pia kiungulia zaidi, na hilo kwa tumbo la mama lina uzito.

Jambo moja la tangawizi nalipenda. Ile mbichi ukali wake unatoka kwa jinjaroli. Ukiikausha au kuipika, sehemu ya jinjaroli hupoteza maji na kugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi ulimini na kwenye majaribio ya maabara mara nyingi huzuia mchochota kuliko jinjaroli. Ndiyo maana tangawizi kavu inakwangua koo kuliko mbichi hata ukiweka kidogo. Kwa hiyo tumbo likishatulia na daktari akiridhika, mama aweke nusu kijiko cha chai cha tangawizi kavu kwenye uji wenye maziwa, akiwa amekula, mara moja kwa siku. Maziwa ya ng'ombe wake yana mafuta, na vitu hivi hupenda mafuta kuliko maji. Akisikia kiungulia, aache. Kama kuna siku atapewa dawa ya kuyeyusha damu, amweleze daktari kwamba anakula tangawizi.

Nije kwenye parachichi, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi za Rungwe na Njombe zilipo sasa hivi. Miti imejaa, mbegu zinabaki, na mtu anaona hasara kutupa. Kwangua mbegu mbichi ya parachichi uiweke kwenye sahani nyeupe. Inaanza nyeupe ya maziwa, dakika chache baadaye inageuka rangi ya chungwa, halafu ya matofali. Watu huona rangi ile wakasema dawa inatoka. Kinachotokea ni kimeng'enya cha mbegu kukutana na hewa na kuzigeuza polifenoli zake, ndugu wa jambo linalofanya ndizi iliyomenywa iwe nyeusi. Polifenoli hizo, pamoja na tanini zinazokausha ulimi, hupunguza mchochota kwenye seli zilizowekwa ndani ya kisahani cha maabara. Kutoka kisahani hadi goti la mama hakuna kipimo kilichothibitishwa, si cha kijiko wala cha siku.

Na hapa kuna mkanganyiko ambao ningependa jirani ausikie bila kuona anakosolewa. Parachichi kweli lina dawa ya magoti. Ufaransa imekuwa ikiuzwa kwa miaka mingi, kapsuli moja ya miligramu 300 kwa siku, na majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha inapunguza maumivu na kuwafanya wagonjwa wahitaji vidonge kama diklofenaki kwa kiasi kidogo. Lakini dawa ile imetengenezwa kwa mafuta: theluthi moja ya parachichi na theluthi mbili za soya. Nayo ni sehemu ndogo sana ya mafuta hayo. Kama mnamjua mtu anayetengeneza sabuni, anajua kwamba mafuta yakikutana na kostiki hugeuka sabuni. Kuna sehemu kidogo inayokataa kugeuka. Humo ndimo zinamokaa steroli, na hiyo ndiyo inayokusanywa, ikapimwa, ikawekwa kwenye kapsuli. Haiyeyuki kwenye maji. Mama akichemsha mbegu mwaka mzima hataipata kwenye kikombe. Hata hiyo kapsuli yenyewe huchukua kama miezi miwili kabla mtu hajaona tofauti, hivyo anayeahidi uvimbe kushuka kesho hazungumzii dawa hiyo.

Lipo na jingine. Majani na mbegu za parachichi zina persini. Madaktari wa mifugo wanaijua vizuri, kwa sababu mbuzi na ng'ombe waliokula majani ya parachichi huvimba kiwele na maziwa hukatika, na wakila mengi moyo nao huathirika. Simwambii mama kwamba kikombe kimoja kitamwua. Namwambia kwamba mwenye presha, mwenye tumbo bovu, hana sababu ya kumeza kila siku kitu ambacho hakina kipimo na kina sumu inayojulikana kwa wanyama, wakati nyama ya tunda lenyewe ni chakula bora na haina shida. Ale parachichi.

Pilipili ningeipa nafasi ya mbele kuliko zote tatu, kwa kuwa haipiti tumboni. Kapsaisini hugusa kipokezi kilicho kwenye neva za maumivu, kilichotambuliwa mwaka 1997 na kundi la David Julius wa Marekani, aliyepewa Nobel mwaka 2021. Mwanzoni inachoma. Ukiipaka eneo lilelile kila siku, neva huchoka kupeleka taarifa, na baada ya wiki mbili hadi nne maumivu hupungua. Ipo krimu yake, ya asilimia 0.025, ulizia maduka makubwa ya dawa mjini. Tafadhali asitwange pilipili kichaa na mafuta akajipaka. Nimeona mapaja yenye malengelenge kwa sababu hiyo, kwani pilipili mbili za mche mmoja hazilingani ukali. Apake kwenye ngozi isiyo na jeraha, anawe mikono kwa sabuni, asiguse macho.

Hadithi ya mzee mmoja nataka uisikie, kwa sababu bado inanisumbua. Alikuwa mkulima wa viazi kutoka upande wa Umalila. Alikuja kaunta kununua dawa ya fangasi, akanionyesha kwa furaha mfuko wa nailoni wenye unga wa kahawia usio na jina. Mgongo uliomtesa miaka sita ulipona, aliniambia, siku ileile aliyoanza, na sasa ni mwezi wa nane hajagusa kidonge cha hospitali. Nilimtazama. Uso ulikuwa umejaa ukawa wa mviringo, tumbo limetoka, mikono imebaki myembamba na ngozi yake ina mabaka ya damu kama karatasi iliyolowa wino. Mzizi hauviringishi uso wa mtu. Steroidi, dawa kali za hospitali za kushusha mchochota, ndizo zinazofanya hivyo, prednisoloni au deksamethazoni, na katika nchi nyingi zimekamatwa zikiwa zimesagwa na kuchanganywa kwenye unga unaoitwa wa asili, wakati mwingine pamoja na diklofenaki yenyewe. Nilimsihi asiache ghafla, kwa sababu mwili uliozoea steroidi za nje huwa umesahau kutengeneza zake, na kuacha kwa siku moja kunaweza kumwangusha mtu. Nilimpeleka hospitali na mfuko wake mkononi. Sukari yake ilikuwa juu sana, na daktari akamshusha dozi taratibu kwa wiki nyingi.

Kwa hiyo muulize jirani, kwa heshima, unga ule ameutengeneza mwenyewe au ameununua. Kama ni wa kununua, una jina la mtengenezaji na usajili? Tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 tuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na mganga anayejiheshimu haoni haya kuonyesha karatasi. Na kama mama aliutumia akapata nafuu ndani ya saa moja au mbili, hilo lisikufurahishe. Mimea niliyoitaja hapa haina kasi hiyo kwenye goti lililosagika.

Kituoni mkiulizwa, mwe na majibu ya mambo haya. Asubuhi magoti hukakamaa kwa muda gani? Ikiwa ni chini ya nusu saa, ni dalili ya kusagika kwa gegedu, na maelezo yako yanaelekea huko. Ikizidi saa nzima, na vidole vya mikono yote miwili navyo vimevimba, huo unaweza kuwa ugonjwa ambao kinga ya mwili inavishambulia viungo, na unahitaji dawa zake mapema kabla mifupa haijaliwa. Tangawizi itampotezea muda tu. Goti moja likiwa jekundu, la moto, na ana homa, ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kuachana na vidonge: vya diklofenaki, ndiyo, naamini anaweza, na kinachoweza kumsaidia zaidi ya mimea yote niliyoandika ni paja lake. Akae kwenye kigoda kirefu au kiti, anyooshe mguu mmoja mbele mpaka uwe sawa, ahesabu polepole hadi kumi, aushushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa mbele wa paja ukiwa na nguvu hubeba sehemu ya mzigo ambao sasa unabebwa na gegedu. Wiki ya kwanza itauma kidogo, wiki ya sita ataona tofauti kwenye kupanda ngazi. Kama ana uzito wa ziada, kila kilo moja anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Na mzigo wa majani kichwani kwenye miteremko ya Kiwira ni kilo zilezile, kwa hesabu ileile. Agawanye mara mbili, au wajukuu wasukume toroli. Siku za maumivu makali daktari anaweza kumruhusu parasetamoli, au jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini, ambayo huingia kwenye damu kwa sehemu ndogo tu ikilinganishwa na kidonge.

Ule unga wa mbegu uliobaki, ufukieni shimoni. Usiende kwenye pumba za ng'ombe.